Ghorofa haina uani

Tangu tarehe 1 Januari 2026, bima ya afya ya watu wa kipato cha chini katika jimbo la California, Marekani, inawajibika kulipa kodi ya nyumba, kwa muda usiozidi miezi sita, kwa mtu mwenye maradhi makubwa ya akili anayelala nje au anayetoka hospitali au jela akiwa hana pa kwenda. Bima yenyewe inaitwa Medi-Cal, na fungu hilo kwa Kiswahili tunaweza kuliita kodi ya mpito. Kwetu Zanzibar habari hii imeingia kama zinavyoingia nyingi: kipande cha video kwenye simu, sentensi mbili chini yake, halafu vicheko. "Wazungu sasa wanawapangishia vichaa nyumba." Barazani mtaani kwetu mjadala ulikwisha kabla kahawa haijapoa. Wao wamezivunja aila zao, sasa serikali inajitwika mzigo. Sisi tuna mama, tuna shangazi, tuna nyumba ya ukoo, kwetu hakuna mgonjwa anayelala nje.

Naona tumeisoma habari hiyo miguu juu. Kodi ya mpito inalipwa na bima ya afya kwa sababu inahesabiwa katika matibabu, kama inavyohesabiwa sindano. Inanunua muda kati ya kitanda cha hospitali na maisha ya kawaida, muda ambao dawa zinashika, usingizi unarudi na mtu anakumbuka namna ya kujipikia. Pengo la muda huo hapa Zanzibar lipo, na linapanuka. Kwa kuwa limejificha ndani ya nyumba za watu, nyuma ya pazia la ukumbini, tumejizoesha kusema halipo.

Nianze na wenzetu hao, maana hadithi yao ndiyo iliyopotoshwa zaidi. Mwaka 1955 hospitali za serikali za maradhi ya akili Marekani zilikuwa na wagonjwa zaidi ya laki tano na nusu. Zikaja dawa mpya, chlorpromazine ikiwa ya mbele, na mwaka 1963 Rais John F. Kennedy akasaini sheria ya kujenga vituo vya afya ya akili karibu na makaazi ya watu. Hospitali zikaanza kufungwa, vituo vingi havikujengwa, na swali la huyu aliyeruhusiwa atalala wapi likabaki bila mwenyewe. Medicaid, bima ya umma ya maskini iliyoanza 1965 na ambayo California huiita Medi-Cal, ililipa daktari, dawa na vipimo, lakini kodi ya chumba haikuwa katika orodha yake. Matokeo yake ni mtu kutibiwa kwa maelfu ya dola, kuruhusiwa Ijumaa, kulala chini ya daraja Jumapili, dawa kupotea pamoja na mkoba, na baada ya wiki chache kurudishwa na polisi kuanza upya. California imepata ruhusa maalumu ya serikali kuu kuvunja mzunguko huo. Na ili miezi sita isimalizikie hewani, kura ya Machi 2024 ilizitaka kaunti zitenge asilimia 30 ya fedha za tozo ya afya ya akili, tozo wanayolipa wenye kipato kinachozidi dola milioni moja kwa mwaka, kwa ajili ya makaazi ya wagonjwa hawa. Hizo ni hesabu za watu waliokwisha kuchoka kulipia kitanda kimoja mara tano.

Sasa turudi kwetu. Nyumba ya Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe, ile ya zamani, ina ukumbi katikati, vyumba kushoto na kulia, na nyuma kuna uani. Uani ndipo penye jiko, kisima au bomba, choo, kamba ya nguo, na mara nyingi kijumba cha pembeni kilichoongezwa na babu. Katika kijumba hicho alikaa kila asiyekuwa na pengine pa kukaa: bibi mjane, ami asiyeoa, kijana wa shamba aliyekuja mjini kusoma skuli, na yule ndugu ambaye "kichwa kimemruka". Hakutozwa kodi. Sahani yake ilifunikwa na kawa. Mlango wake ulitazamana na jiko, kwa hiyo asipotoka mpaka saa nne asubuhi, mtu alikwenda kugonga. Hakuna aliyeuita mpango huo msaada wa makaazi kwa wagonjwa wa akili, ila ndivyo ulivyokuwa, na ulikuwa mzuri kuliko mipango mingi iliyoandikwa kwenye karatasi.

Tatizo ni kwamba uani umekwisha. Sensa ya 2012 ilitukuta watu milioni 1.3; ya 2022 ikatukuta karibu milioni 1.9. Miaka kumi. Mjini, kila chumba sasa kina bei, na kijumba cha babu kimebomolewa pakasimama vyumba vitatu vya kupangisha. Chumba cha mbele kimekuwa duka la vocha. Warithi wameongezeka mpaka nyumba moja ina majina ishirini, na dawa ya majina ishirini ni kuuza na kugawana. Kwahani nyumba za zamani zimebomolewa na ghorofa zimepanda mahali pake, na mimi si mpinzani wa ghorofa. Watoto wa Michenzani wamekulia ghorofani tangu wakati wa Rais Karume, zilipojengwa kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki, na wamekua vizuri. Lakini ghorofa haina uani. Ndani ya vyumba viwili na sebule, mtu anayezungumza peke yake saa nane za usiku anazungumza katikati ya vitabu vya mtoto anayesubiri mtihani.

Jamaa mmoja wa mtaani kwetu, fundi cherehani, alilazwa miezi minne. Alirudi alaasiri moja na mfuko wa kitambaa: ndani mna kadi ya kliniki, vidonge vya wiki mbili, shati na ufunguo wa chumba chake. Ufunguo ulikuwa ule ule, kitasa ndicho kilichokuwa kipya. Mtoto wa kaka yake alikuwa ameoa, akapewa chumba, na cherehani ilitolewa ukumbini ikafunikwa kanga. Hakuna aliyemfanyia ukatili. Walimpikia, wakamshukuru Mungu kwa pamoja, kisha wakamwambia kwa leo alale barazani. Hiyo leo ikaendelea mpaka masika. Sindano yake ya mwezi ilimpita mara mbili. Ya kwanza kwa kuwa kadi ililowa, ya pili kwa kuwa aliona haya kupanda daladala hajaoga. Kabla ya Ramadhani alikuwa amelazwa tena, na mtaani tukasema maradhi yake "yamerudi". Hayakuwa yamekwenda popote. Kilichoondoka ni chumba.

Mtu kama huyu akitaka kukodi, anakutana na soko ambalo haliko tayari kumsubiri. Mwenye nyumba wa mjini anataka kodi ya miezi mitatu, mara nyingi sita, mkononi kabla ufunguo haujatoka. Dalali anataka ya mwezi mmoja yake. Tuseme chumba cha kawaida ni shilingi 60,000 kwa mwezi: miezi sita ni 360,000, dalali 60,000, jumla 420,000, bado hajanunua godoro, ndoo, wala umeme wa TUKUZA, ule wa kulipia kabla, wa kuwashia taa usiku wa kwanza. California wamefika kwenye miezi sita kwa hesabu za sera; sisi mwenye nyumba ametufikisha hapo hapo kwa kutokuwa na imani na mtu. Kwa mzima mwenye kazi, 420,000 kwa mkupuo ni mchezo wa kikundi na mkopo wa shemeji. Mtu aliyeruhusiwa hospitali jana, mwenye mikono inayotetemeka kwa dawa na jina lililokwisha kuharibika mtaani, hana kikundi na shemeji hapokei simu.

Hoja ya aila ndiyo nzito kuliko zote zinazopinga, na sipendi kuipita kwa haraka. Tafiti za Shirika la Afya Duniani zilizoanza mwishoni mwa miaka ya 1960 zilionesha kwamba wenye skizofrenia, maradhi ya akili ambayo mtu huweza kusikia sauti zisizokuwepo, katika baadhi ya nchi maskini walikuwa na mwelekeo mzuri kuliko wa nchi tajiri, na wengi walioeleza sababu wameitaja familia. Kwa hiyo anayesema tusiwang'oe wagonjwa kwenye aila zao anasema jambo la maana. Lakini upo utafiti mwingine wa zamani ambao nadra kutajwa. Mwaka 1958 George Brown na wenzake Uingereza waliwafuatilia wanaume waliotoka hospitali baada ya kulazwa muda mrefu. Walitarajia waliorudi kwa wazazi na wake zao ndio wangetengemaa. Ikawa kinyume: waliokwenda kukaa kwa ndugu zao au kwenye vyumba vya kupanga walifanya vizuri zaidi kuliko waliorudi kwa wazazi, kwa wake, au waliowekwa kwenye mabweni makubwa. Kutoka hapo watafiti wakaanza kupima joto la nyumba: lawama, kelele, kushughulikiwa kupita kiasi, ule wasiwasi wa mama anayemtazama mwanawe akila kijiko kwa kijiko. Nyumba yenye joto kali humrudisha mgonjwa hospitali mapema. Hapo kodi ya mpito inaacha kuwa adui wa aila. Chumba nyumba ya tatu kutoka kwa dada, anakokwenda kula mchana na kurudi kwake jioni, kinafanana na uani wa zamani zaidi kuliko linavyofanana nao godoro la barazani. Na tazama pia kilichofeli katika utafiti ule: mabweni makubwa. Watakaofikiria suluhisho ni kujenga jengo moja nje ya mji na kuwakusanya wote humo wasome sehemu hiyo mara mbili.

Niseme kwa ufupi na hili, maana nikilikwepa nitaulizwa. Zipo aila, Unguja na Pemba, zinazompeleka mgonjwa kwa mganga akakaa huko wiki au miezi akisomewa, akinyweshwa kombe, yaani maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa, akizinguliwa, na aila inalipia ukaaji wake na chakula chake. Sitii neno juu ya kombe. Ninachosema ni kwamba wanaolipa hivyo wamekwisha kukubali kuwa mgonjwa anahitaji mahali pa kukaa wakati wa kupona, na kwamba mahali hapo pana gharama.

Hoja dhaifu ni ile inayosemwa kwa sauti kubwa zaidi: mgonjwa wa akili hawezi kukaa peke yake, ataichoma nyumba. Wapo wasioweza, hilo halina ubishi, na kwao panahitajika mtu wa kuwaangalia. Lakini kuchukua wachache hao na kufanya hukumu ya wote ni uvivu. Canada, kuanzia 2009 hadi 2013, ilifanya jaribio katika miji mitano, kuanzia Vancouver hadi Moncton, kwa watu zaidi ya 2,000 waliokuwa na maradhi ya akili na hawana makaazi. Nusu na zaidi walipewa nyumba kwanza, kwa ruzuku ya kodi na mtu wa kuwatembelea, bila kushurutishwa kwanza waache ulevi wala wakamilishe tiba. Katika miezi sita ya mwisho ya jaribio, asilimia 62 ya waliopewa nyumba walikuwa ndani muda wote, dhidi ya asilimia 31 ya walioachiwa huduma za kawaida. Hao wote ndio "wasioweza". Haki ya hoja inanidai niongeze kuwa dalili za maradhi yenyewe hazikupungua sana kuliko kwa wale wengine. Nyumba ilizuia kuhangaika, haikufukuza sauti kichwani. Wanaopinga mtindo huo hukitaja kipande hicho, na Marekani kwenyewe upepo umegeuka: amri ya Rais Trump ya Julai 2025 imeipa kisogo sera ya nyumba kwanza. Mimi nasema tusidai kutoka kwa chumba kile tusichokidai kutoka kwa chakula. Hakuna anayeacha kumpa mgonjwa uji kwa sababu uji hauondoi sauti.

Tena sisi tumekwisha kulikubali wazo lenyewe kwa wagonjwa wengine. Soba hausi zimejaa katika mitaa yetu kwa miaka mingi sasa. Kijana anatoka kwenye unga, hapelekwi moja kwa moja kwa mama yake. Anakaa miezi kadhaa na wenziwe, aila inachangia, mtaa unamjua, sheha, kiongozi wa mtaa, anamjua. Hata methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha heroini, ilipoanza kutolewa kwenye hospitali ya maradhi ya akili ya Kidongo Chekundu mwaka 2015, hakuna aliyesema tumeiga Wazungu. Mtumiaji wa heroini tumekubali kwamba anahitaji ngazi ya kushukia. Mwenye skizofrenia, ambaye maradhi yake hakuyavuta wala hakujidunga, tunamshusha kwa kumsukuma.

Kuna pingamizi moja ambalo halinipi usingizi, nalo ni mwezi wa saba. Kodi ya miezi sita bila kitu mbele yake ni kumtoa mtu barazani, kumzoesha kitasa chake mwenyewe, kisha kumrudisha barazani. California wana angalau vocha za nyumba, ambapo mpangaji hulipa takriban asilimia 30 ya kipato chake, ingawa foleni yake ni ndefu. Sisi Pencheni Jamii tunayo, na ni jambo la kujivunia: ilianza 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mkaazi aliyefika miaka 70, bila kumuuliza tajiri au maskini, na baadaye ikapandishwa. Lakini fundi cherehani wa miaka 38 hana cha kudai humo.

Nimelizungusha jambo hili kichwani muda mrefu, na kila nikilizungusha narudi kwenye ile nyumba yenye majina ishirini. Mgonjwa wetu, tofauti na yule wa Los Angeles, mara nyingi si fukara. Ni mrithi. Jina lake limo katika nyumba inayopangishwa vyumba vitatu vya uani na duka la mbele, na kila mwezi kodi inaingia mfukoni mwa kaka mkubwa "kwa niaba ya wote". Suratun Nisaa, aya ya tano, inakataza kuwakabidhi mali wasioweza kuisimamia, na papo hapo inaamrisha walishwe na wavishwe kutokana nayo, na waambiwe maneno mema. Tumeshika nusu ya kwanza. Mali hatuwakabidhi, kuwalisha kutokana nayo, kwa maana ya kutoa fungu lao na kulilipia chumba, tumekuacha. Tuna mahakama za Kadhi na tuna Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, vyombo ambavyo nchi nyingi hazina. Miezi sita ya kwanza ilipwe na serikali kama tiba. Ndani ya miezi hiyo, wakati mtu amelala penye paa, litafutwe fungu lake la mirathi na liwekewe msimamizi anayetoa hesabu, ili mwezi wa saba ulipwe na mali yake mwenyewe.

Asiye na mirathi abakie kwa wakfu, na hapo hatubuni kitu kigeni. Hospitali ya Sultani Qalawun, Cairo, iliyojengwa miaka ya 1280 na kuendeshwa kwa wakfu, ilikuwa na sehemu ya wagonjwa wa akili, na wanahistoria wanasimulia kwamba aliyeruhusiwa alipewa fedha za kujikimu mpaka aweze kurudi kazini. Miaka mia saba na arobaini kabla ya California. Mji Mkongwe umejaa nyumba zilizowekwa wakfu na watu waliotaka sadaka yao iendelee baada yao. Vyumba kumi tu, Unguja na Pemba, vikitengwa kwa shughuli hii, havitavunja masharti ya wakfu uliowekewa masikini na wasiojiweza.

Gharama haistahili kutishwa nayo mtu. Kwa hesabu yangu ya juu, wagonjwa 100 kwa mwaka ni shilingi milioni 42. Hazifiki bei ya Land Cruiser moja mpya ya ofisi. Kazi ngumu iko kwenye mambo madogo. Kodi ilipwe kwa mwenye nyumba, kwa mwezi na si kwa mkupuo, ili asimfukuze mpangaji mwezi wa pili akiwa ameshakula kodi ya miezi sita. Sheha ajulishwe, ila asisomewe maradhi ya mtu mbele ya kamati yake. Muuguzi apite mara mbili kwa mwezi. Bila yeye chumba ni mahali pa kuugulia peke yako. Mgonjwa akilazwa tena kwa wiki tatu, chumba kisubiri wiki hizo tatu. Na mkataba uandikwe jina lake, si la kaka.

Bajeti husomwa katika Baraza la Wawakilishi, Chukwani, katikati ya mwaka. Kabla mwakilishi yeyote hajainuka kuomba fedha, lipo swali lisilogharimu kitu ambalo angeweza kumuuliza Waziri wa Afya na kudai jibu la tarakimu, wodi kwa wodi: leo hii ni wangapi walioandikiwa ruhusa na daktari, lakini wangali kitandani kwa sababu hakuna aliyekuja kuwachukua?